"Upo?": Utani wa Wavuvi wa Mombasa Bara na Nafasi Yake katika Lugha

Utani ni istilahi iliyozoeleka katika masomo ya fasihi simulizi na isimujamii, na kila itajwapo mawazo ya wengi huelekea kwenye makabila. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mnamo 1940 makala mashuhuri juu ya mahusiano ya utani, akayaeleza kuwa ni mchanganyiko wa pekee wa urafiki na uhasama: mtu huruhusiwa kumkejeli mwenziwe, na huyo mwenziwe hutakiwa asikasirike. Miaka minne baadaye, R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Utani wa watu wa kazi moja, hata hivyo, hutajwa kwa nadra madarasani, ingawa ni huo ambao mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuusikia kwa masikio yake akivuka feri asubuhi na kuteremka pwani ya Likoni. Makala haya yanauangalia utani huo kati ya wavuvi wa Mombasa bara, yaani Likoni iliyo kusini mwa kisiwa, Kisauni iliyo kaskazini na Changamwe iliyo magharibi.

Maji ya sehemu hizi hayafanani. Mvuvi wa Likoni na Mtongwe ana lango la Kilindini mbele yake, penye mkondo mkali na meli kubwa zipitazo usiku na mchana. Wa Changamwe huvua zaidi katika hori ya Port Reitz, kandokando ya mikoko. Wa Kisauni ana hori ya Tudor upande mmoja na bahari ya Nyali na Bamburi upande wa pili, ambako mwamba huzuia mawimbi. Zana zao ni zile zilizozoeleka pwani nzima: mshipi na ndoana, nyavu, jarife, kimia na madema. Wako waishio kwa uvuvi, na wako wauendeao kwa burudani na kitoweo, kama vile mtu amalizaye zamu kiwandani akachukua mshipi na chambo chake akenda kuketi ukingoni mwa maji. Huyu wa pili ndiye shabaha rahisi ya watani. Akipata, huambiwa kwamba samaki amemhurumia. Akikosa, huulizwa kama samaki nao walikuwa zamu.

Msimu nao una sauti katika jambo hili. Wakati wa kaskazi, baina ya Novemba na Machi, bahari hutulia na watu huwa kazini. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya mwamba, na wavuvi hukaa kivulini wakishona nyavu. Mikono ina kazi lakini kinywa hakina. Hapo ndipo utani hustawi.

Jambo la kwanza limvutialo mtu wa lugha ni jinsi utani huu unavyokula katika utata wa maneno. Msamiati wa bahari umejaa homonimu, na mvuvi azijua zote bila ya kufundishwa istilahi yenyewe. Kitenzi "kuvua" peke yake ni hazina. Mtu aliyerudi mtupu akiulizwa, "Leo umevua nini?" hujibu, "Nimevua shati." Mwenziwe naye hudakia kwamba basi hakuvua, amevuliwa. Aliyepata taa, yule samaki mpana mwenye mkia wa sumu, huambiwa kwamba leo kwao hakuna giza. Samaki aitwaye changu huzua mabishano yasiyokwisha: "Huyu ni changu." "Hata mimi nasema ni changu. Chambo kilikuwa changu." Anayesikiliza kwa mbali hawezi kujua kama watu hao wanataja jina la samaki au wanagombea mali, na wao wenyewe hawataki ajue. Mifano hii hutosha kumfundisha mwanafunzi wa semantiki yale ambayo mhadhara mzima huyaeleza kwa taabu.

Chuku ni nyenzo ya pili. Samaki aliyeponyoka ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kupatikana, na hukua kila anaposimuliwa. Asubuhi alikuwa na urefu wa mkono. Jioni hatoshi katika dau. Kawaida hii si ya Waswahili peke yao. Huko Kanada wavuvi wa burudani huketi vibandani juu ya maziwa yaliyoganda, wakatoboa barafu na kutumbukiza mishipi, na huko pia msimulizi wa samaki aliyekatika mshipi hupokewa kwa kicheko. Tofauti iko katika namna ya kumrudi msimulizi. Pwani hii hakuna amwambiaye mzee kuwa amesema uongo. Huambiwa, "Babu, kunja mkono kidogo, mkia unampiga jirani." Kauli hiyo yapinga habari nzima na haikumvunjia mtu heshima.

Neno "babu" hapo halikutumiwa ovyo. Katika jamii za pwani utani una njia zake: babu na mjukuu hutaniana, na mabinamu hutaniana, ilhali baba na mwana hustahiana. Bandarini, ambapo wengi hawana nasaba moja, kijana hujichagulia jina la kumwitia mkubwa wake kulingana na alitakalo. Akimwita "baba" au "ami", amejifunga mwenyewe na hana budi kunyamaza. Akimwita "babu", amejifungulia mlango wa utani, hata kama mzee huyo angeweza kwa umri kuwa kaka wa baba yake. Mzee akiitika, ruhusa imetolewa. Akinyamaza au akajibu, "Mimi si babu yako," mlango umefungwa, na kijana mwenye adabu hurudi kwenye "shikamoo". Kwa hivyo majina ya ujamaa yana kazi ya kisarufi ya mazungumzo: huainisha ni maneno gani yanayoruhusiwa kufuata.

Ruhusa hiyo ina thamani kubwa kuliko kicheko. Kijana hana haki ya kumwambia nahodha mwenye miaka 40 baharini kwamba chombo chake kimeoza. Lakini chombo kikivuja, wote waliomo watalowa, na pengine kufa. Hapo huingia swali fupi ambalo huenda ndilo kito cha utani huu: "Upo?" Kwa mpita njia hiyo ni salamu tu, mtu akiulizwa kama yupo. Kwa mvuvi, upo pia ni kifaa cha kufulia maji yaliyoingia chomboni. Anayeulizwa huweza kujibu, "Upo ninao, kilichokosekana ni kalafati," yaani pamba inayozibia nafasi baina ya mbao. Katika maneno machache chombo kimekaguliwa, kasoro imetajwa na mwenye chombo hakuaibishwa. Vivyo hivyo dau livujalo husemwa kwamba lina udhu wa kudumu, na mwenye tanga lenye matundu huambiwa kuwa amelifungulia upepo madirisha. Siku ya bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa karibu mita 4 na mkondo wa lango la Kilindini ukawa mkali, mzaha wa namna hiyo asubuhi ni onyo ambalo lingekataliwa kama lingesemwa waziwazi.

Kwa sababu hiyo si sahihi kuuhesabu utani kuwa ni mapumziko ya kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Una mipaka, na mipaka yake hulindwa kwa ukali. Aliyepotea baharini hataniwi, wala jamaa zake hawataniwi kwa jambo la maji. Likoni na Mtongwe hujua sana sababu ya jambo hilo: mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuko na watu 272 wakafa. Riziki nayo ina adabu yake. Mtu akirudi mtupu siku moja hutaniwa. Akirudi mtupu juma zima, utani hukoma, na samaki wawili watatu huwekwa kimyakimya katika kikapu chake. Badiliko hilo la kutoka kejeli hadi kimya ndilo lionyeshalo kwamba watani walikuwa wakihesabu siku.

Wanawake wanunuao samaki na kuwakaanga kwa biashara, waitwao mama karanga, wana sehemu yao pia, hasa wakati wa kupatana bei. Tafi akisifiwa unono, mama karanga huuliza kama amepimwa pamoja na chambo. Utani wa bei ungestahili makala yake.

Mvita ni mji uliozoea majibizano ya maneno. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alisifika kwa tungo za majibizano, na W. E. Taylor alipokuwa Mombasa alikusanya methali nyingi alizozichapisha mwaka 1891. Kati ya methali za pwani ziko zinukazo shombo la samaki: hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, kwa kuwa mkizi arukaye kwa hamaki huangukia chomboni. Mvuvi akimwona mwenziwe ameanza kukasirikia mzaha, hana haja ya kuimaliza methali. Hutaja mkizi, na yule aliyekasirika hucheka au huondoka.

Mahali pa kusemea maneno haya panazidi kuwa finyu. Hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986 ilibadili matumizi ya maji mbele ya Nyali na Bamburi, na kuta za hoteli na nyumba za kifahari zimeziba vichochoro vingi vya kuteremkia pwani. Uvuvi wa juya ulipigwa marufuku mwaka 2001. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika Port Reitz na kuharibu mikoko. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fuo nafasi ya kisheria, na mvuvi sasa huketi mkutanoni penye ajenda na katibu, ambako hakuna amwitaye mwenyekiti "babu". Baadhi ya hatua hizi zilihitajika, kwani samaki wangekwisha. Lakini kivuli cha kushonea nyavu hakikuandikwa katika kanuni yoyote.

Vifaa navyo vinabadilika. Upo wa mbao haupatikani kwa urahisi; maji hufuliwa kwa mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, nao huitwa mtungi. Mzee wa Mtongwe akimwuliza kijana aliyelelewa na mtungi huo, "Upo?" kijana huinua mkono na kujibu kwa heshima, "Niko."