Shaba Mwilini: Ufahamu Ugonjwa wa Wilson

Shaba si ngeni kwa wakazi wa Tabora. Katika karne ya 19 misafara iliileta Unyanyembe kutoka Katanga, ambako Msiri, mtu wa Usumbwa, alikuwa ameweka makao ya utawala wake Bunkeya. Lakini ipo pia shaba isiyoonekana kwa macho: ile iliyomo katika chakula, ambayo mwili huihitaji kwa kiasi kidogo sana.

Shaba inayozidi mahitaji hutolewa na ini kupitia nyongo, kisha hutoka pamoja na choo. Kwa takriban mtu 1 katika kila watu 30,000 duniani, ini hushindwa kazi hiyo, na shaba hulimbikizana katika ini, ubongo na macho. Maradhi haya huitwa ugonjwa wa Wilson, kwa jina la tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1912.

Dalili huanza aghalabu kati ya umri wa miaka 5 na 35. Macho huwa ya manjano, tumbo au miguu huvimba, mikono hutetemeka, matamshi huwa mazito na mate humtoka mgonjwa bila kujizuia. Mwanafunzi aliyekuwa hodari huweza kurudi nyuma darasani au kubadilika tabia. Kijana wa namna hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa amerogwa, ni mlevi au ni mkaidi, na wakati huo ini lake linazidi kuharibika.

Kwa kuwa dalili hizi zina sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi, ukweli hujulikana kwa vipimo vya damu, vya mkojo wa saa 24 na vya macho. Mwananchi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, ili ikibidi apewe rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Kitete au hospitali ya juu zaidi.

Dawa zipo. Penisilamini, iliyoanza kutumika mwaka 1956, huiondoa shaba mwilini. Zinki huizuia isifyonzwe kutoka kwenye chakula. Matibabu ni ya maisha yote, na kuyaacha kwa sababu mtu amepata nafuu huweza kumletea kifo. Mgonjwa hushauriwa kuepuka maini, uyoga, karanga na kakao; asiye mgonjwa hana sababu ya kuviacha.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na kuvaa vikuku vya shaba. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, ingawa wao wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. Kwa hiyo wazazi wasilaumiane. Katika familia ya namna hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuugua. Basi mmoja akigundulika, ndugu zake wa tumbo moja wapelekwe kupimwa wote, hata wale wasioumwa popote, kwani anayeanza dawa kabla ya dalili huweza kuishi maisha yake yote bila madhara.