Kompyuta ikipata 'homa', usikimbilie kupiga Windows

Wiki iliyopita dada yangu aliye Biharamulo alinipigia nikiwa kazini Ngara. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya moto, feni inanguruma, na fundi ameshamwambia dawa ni kupiga Windows upya. Humo ndimo zilimo picha zote za mwanawe tangu azaliwe.

Mimi naandika habari za afya, si fundi, lakini homa ni dalili tu. Nikamwambia: dada, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha gusa neno CPU ili kinachokula nguvu nyingi kipande juu. Kikatokea Antimalware Service Executable, yaani kinga ya Windows yenyewe, ikikagua mafaili baada ya mashine kukaa wiki mbili imezimwa. Akaiacha kwenye umeme. Baada ya saa moja ikatulia.

Ikiwa ni 'System' inayoongoza kutwa nzima, mara nyingi tatizo ni draiva. Zima, washa, kisha sasisha. Ukiona 'System Idle Process' inasoma 95, mzazi usishtuke: hiyo ni nguvu isiyotumika.

Dada ameshanunua flashi ya kuhifadhia picha.