Kabla ya kuagiza chakula, tazama maji, mikono na moto

MAISHA ya mjini yamewafanya wengi wetu kuwa wageni katika majiko yetu wenyewe. Mtu anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri kwenda kazini Kariakoo au Posta hawezi kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Asubuhi atakunywa chai na chapati mgahawani, mchana atakula wali maharage kwa mamalishe, na jioni atawabebea watoto chipsi. Hakuna ubaya katika hayo. Kula nje ni nafuu kwa mfanyakazi na ni riziki kwa wanaopika. Swali ni hili: tunatumia kipimo gani kuchagua pa kula?

Wengi hutumia macho. Pakiwa na vigae, vioo na kiyoyozi, panahesabiwa kuwa salama. Pakiwa na benchi na turubai, panahesabiwa kuwa pachafu. Kipimo hiki kinadanganya. Mwezi Juni 2017, jijini Nairobi, watu waliohudhuria mkutano katika hoteli kubwa waliugua kipindupindu. Kwa upande mwingine, mamalishe anayepakua wali unaofuka mvuke kutoka jikoni anaweza kumlisha mteja wake kwa usalama zaidi kuliko meza ya bufee ambayo vyakula vyake vimepoa tangu saa sita.

Jambo hili si dogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yaliyotolewa mwaka 2015, watu wapatao milioni 600 duniani huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na 420,000 hufariki. Kati ya wanaofariki, 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Hapa kwetu, kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea mikoani na Zanzibar, na zaidi ya watu 20,000 waliugua.

Ndugu msomaji, badala ya kutazama vigae, tazama mambo matatu.

Maji

Je, vyombo vinaoshwaje? Sahani hamsini zikisuuzwa katika ndoo moja ambayo maji yake yamegeuka mchuzi, kila sahani inabeba uchafu wa nyingine. Kisha zikifutwa kwa kitambaa kimoja kilicholowa tangu asubuhi, kitambaa hicho kinasambaza vijidudu kuliko kuviondoa.

Tazama pia jagi la maji ya kunywa na juisi. Juisi ya ukwaju au ya miwa huweza kuharibiwa na maji yasiyochemshwa au na barafu. Baridi ya barafu haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Kama huna uhakika, agiza chai ya moto au maji ya chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa.

Mikono

Mhudumu anayepokea fedha, akarudisha chenji, kisha akashika chapati kwa mkono uleule, anakuuzia na uchafu wa noti. Anapaswa kutumia koleo au kijiko, au awepo mtu mwingine wa kupokea fedha.

Mpishi anaweza kuonekana mzima kabisa huku amebeba vijidudu vya homa ya matumbo. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mary Mallon, mpishi wa New York nchini Marekani, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwaambukiza watu kadhaa aliowapikia ilhali mwenyewe hakuwa na dalili. Ndiyo maana wanaoandaa chakula wanatakiwa kupimwa afya, na ndiyo maana sabuni chooni ni muhimu kuliko maua mezani.

Na wewe mlaji unawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Bakuli moja la kunawia linalozungushwa kwa watu sita ni kugawana uchafu tu.

Moto

Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60. Kwa hiyo chakula cha moto kibaki cha moto, na kiporo kipashwe hadi kifike nyuzijoto 70 au zaidi, yaani kitoe mvuke hadi katikati, si juujuu.

Wali una hatari yake ya pekee. Mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa sufuriani kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Dawa ni kupika kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja.

Kachumbari haipiti motoni kabisa. Ikiwa imekatwa kwa kisu na ubao uliotumika kwa nyama mbichi, ni afadhali uiache.

Ukiugua

Wengi hulaumu chakula cha mwisho walichokula, na mara nyingine hukosea. Sumu ya wali hutapisha ndani ya saa chache. Kipindupindu huanza ndani ya saa chache hadi siku tano, na homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Mwenye kuharisha maji mfululizo aanze mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari (ORS) na akimbizwe kituo cha afya. Kipindupindu kikali huua ndani ya saa chache, lakini wagonjwa wengi huokolewa kwa ORS peke yake wakiwahi.

Mwisho, tuache haya. Mteja anadai chenji ya shilingi mia kwa sauti kubwa, lakini anaona aibu kusema, "Dada, naomba unipashie huu mchuzi uchemke," au "Kaka, sabuni ya kunawia iko wapi?" Ulizeni kwa adabu. Wateja kumi wakiuliza sabuni siku moja, kesho yake itakuwepo.