Liru, Mlima Usiotaka Haraka

Alfajiri ya Jumamosi moja, sisi askari saba tuliokuwa likizoni tulitoka mjini Arua, tukashika barabara ya kaskazini kupitia Maracha hata tukafika Koboko, pembe ambapo Uganda inapakana na Kongo na Sudani Kusini. Nia yetu ilikuwa kuupanda Mlima Liru na kushuka kabla ya jua kuchwa.

Mlima huu si lundo la mawe tu. Walugbara husimulia kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio mababu wa koo zao. Jaki alimaliza safari yake Liru, na Dribidu Mlima Eti, ambao wengi huuita Wati, huko Terego. Kwa hiyo tulianza kwa wazee wakaao chini ya mlima. Tuliwaamkia, tukaomba njia; nao wakatupa kijana wa kutuongoza pamoja na onyo moja: mvua ikinyesha, jiwe huteleza.

Tulipanda kwa mwendo wa mwenzetu aliyekuwa nyuma kabisa. Saa saba mchana, kilele kikiwa karibu, mawingu yalitanda. Kijana akasema turudi. Baadhi yetu walinung'unika, maana askari hapendi kurudi nyuma, lakini tulimtii. Hatukufika nusu ya njia, mvua ikashuka, na mwamba tuliokuwa tumeukanyaga asubuhi bila shida ukawa kama sabuni.

Ndugu askari, amri si lazima itoke kwa mwenye nyota begani. Mlimani kamanda ni mwenyeji. Kilele hatukukiona, lakini tulipanda saba, na saba tukarudi.