London kwa Miguu: Siku Moja ya Kuzitafuta Nyayo za Keya

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekulia kambini au katika nyumba za polisi, na katika nyumba hizo ni nadra kumkosa mtu ambaye babu yake alikuwa Keya. Jina hilo, ambalo vijana wa leo wameanza kulisahau, ni zile herufi tatu za mwanzo za King's African Rifles zilizotamkwa kwa ulimi wetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa katika kikosi cha nne, kilichoandikishwa Uganda, ambacho mwaka 1944 kilipelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kupigana na Wajapani. Alirudi na homa isiyokwisha, nishani yenye umbo la nyota, na tabia ya kutosimulia lolote. Tulipomzika, nishani ilibaki katika kopo la biskuti chini ya kitanda cha bibi.

Ofisi yangu iliponipeleka Uingereza kwa mafunzo ya majuma matatu, nilikwenda kumuaga bibi. Hakuniagiza shuka wala blanketi. Aliniambia, “Mjukuu wangu, unakwenda kwa wenyewe waliompeleka babu yako. Tazama kama wameandika mahali, nami nijue.”

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mapumziko. Wageni wengi huzungushwa mjini kwa mabasi ya ghorofa yasiyo na paa, lakini posho yangu haikuruhusu anasa hiyo, na isitoshe basi halisimami mahali ambapo moyo wa abiria unataka kusimama. Nikaamua kwenda peke yangu, bila kiongozi, nikiwa na ramani ya karatasi, chupa ya maji, mwavuli, na viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Njia niliyoichora kwa penseli ilianzia penye Bunge, ikafuata barabara iitwayo Whitehall hadi uwanja wa Trafalgar, kisha barabara ya The Mall hadi kasri la Buckingham, na kuishia kwenye kona ya Hyde Park. Ni kilomita tatu hivi. Mtu wa gwaride angeimaliza kwa muda usiotimia saa moja; mimi ilinichukua siku nzima.

Ukipanda ngazi za stesheni ya Westminster kutoka chini ya ardhi, mnara wa saa unakusimamia usoni. Watu huuita Big Ben, ingawa jina hilo hasa ni la kengele kubwa iliyomo ndani, yenye uzito wa zaidi ya tani 13. Mnara wenyewe, wenye kimo cha mita 96, ulipewa jina la Elizabeth mwaka 2012. Jumba la Bunge linaonekana kuwa la kale sana, kumbe sehemu yake kubwa ilijengwa baada ya moto wa mwaka 1834. Sehemu iliyonusurika ni ule Ukumbi wa Westminster, ambao ulianza kujengwa mwaka 1097. Mbele ya Bunge pana uwanja wa majani wenye sanamu za watu mashuhuri. Nelson Mandela yupo tangu mwaka 2007, naye Gandhi alifuata mwaka 2015. Katika uwanja huo huo yupo pia Jenerali Smuts, yule aliyeyaongoza majeshi ya Waingereza katika Afrika Mashariki mwaka 1916. Sijui wawili hao wa Afrika Kusini wangeambiana nini usiku, watu wakiisha kwenda zao.

Hatua chache kutoka hapo ni Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa Uingereza hutawazwa. Kiingilio chake si rahisi, na mwenye familia afikirie mara mbili. Mimi nililipa kwa sababu ya makaburi mawili. La kwanza lipo karibu na mlango wa magharibi: ni kaburi la askari asiyejulikana, aliyeletwa kutoka medani za Ufaransa na kuzikwa humo tarehe 11 Novemba 1920, akafunikwa kwa udongo wa huko huko na jiwe jeusi la Ubelgiji. Katika kanisa hilo watu hukanyaga majina ya wakubwa waliolala chini ya sakafu. Jiwe la askari huyo peke yake halikanyagwi na mtu. Nilimwona mzee mmoja akilizunguka kwa mkongojo, taratibu, ingawa njia ya mkato ilikuwa wazi.

Kaburi la pili ni la David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Alizikwa London mwezi wa Aprili 1874. Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesafiri na jeneza, alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza kaburini. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Jiwe la kaburi linaisifu mikono iliyomleta. Majina ya wenye mikono hiyo hayamo. Nililisoma mara tatu, nikayaandika majina yao mwenyewe katika daftari langu.

Kutoka hapo nikaingia Whitehall, barabara ya wizara. Katikati yake limesimama jiwe jeupe refu liitwalo Cenotaph, maana yake kaburi tupu. Mjenzi wake ni Edwin Lutyens. Kwanza lilitengenezwa kwa mbao na lipu kwa ajili ya gwaride la amani la mwaka 1919, lakini wananchi waliokuwa wamefiwa walilizungushia maua mengi hata serikali ikalijenga upya kwa mawe mwaka 1920. Halina msalaba wala jina la mtu, na kwa sababu hiyo kila aliyefiwa anaweza kudai kuwa ni la wake. Nilivua kofia.

Akina mama watalipenda zaidi jiwe linalofuata, la wanawake wa Vita Kuu ya Pili, lililozinduliwa mwaka 2005. Halina sura ya mtu hata mmoja. Kuzunguka ubavu wake zimetundikwa nguo 17 za shaba nyeusi, makoti, magwanda na kofia za kazi, kama kwamba wenyewe wamezivua jioni hiyo wakarudi jikoni. Katika sanamu zote nilizoziona siku ile, sikuona iliyosema mengi zaidi kwa vitu vichache hivyo.

Upande wa kulia, mbele ya Wizara ya Ulinzi, wapo majemadari watatu wa shaba. Nilikuwa nikimtafuta mmoja: Fildi Mashali William Slim, aliyeiongoza Jeshi la 14 huko Burma. Sanamu yake iliwekwa mwaka 1990, naye amevaa kofia pana ya vitani porini. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wakubwa wa babu yangu. Kwa amri yake Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, katika matope na malaria, bonde ambalo wapiganaji waliliita la mauti, na mwezi wa Desemba wakauteka mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akinywa kahawa chini ya sanamu kama anamfahamu. Akatazama juu kwa mara ya kwanza, akaomba radhi. Sikumlaumu, hata kwetu watu huegemea minara wasiyoisoma.

Saa tano kamili asubuhi nilikuwa upande wa pili wa barabara, penye Horse Guards, walinzi wa farasi wanapobadilishana zamu. Shughuli hiyo hufanyika kila siku, isipokuwa Jumapili huanza saa nne. Hakuna kiingilio. Msomaji aliyewahi kusimama lindo ataielewa kuliko mtalii mwingine yeyote, maana yeye atatazama visigino na mikono, siyo manyoya ya kofia. Ng'ambo ya barabara ipo Banqueting House, na mbele ya jumba hilo Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649.

Kwa wasomaji wetu wa polisi, kipo kichochoro upande wa kulia kabla ya Trafalgar kiitwacho Great Scotland Yard. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, makao yao yaliwekwa katika nyumba iliyoupa mgongo mtaa huo, na jina likawafuata kila walipohamia, hadi makao ya leo ya kando ya mto Thames. Konstebo mmoja alinielekeza kwa adabu. Nilipomwambia kwamba mke wangu ni polisi, alicheka akauliza kama naye miguu humwuma jioni. Nikamjibu kwamba huuma sana, na kwamba mimi ndiye ninayechemsha maji ya kuikanda.

Trafalgar sikukaa sana. Nguzo ya Nelson ina kimo cha mita 52 hivi, na kwa urefu huo sura yake haionekani. Simba wanne walio chini, walioongezwa mwaka 1867, ndio furaha ya watoto. Ukutani pana kibanda cha mawe kinachosifiwa kuwa kituo kidogo kuliko vyote cha polisi. Kilichonivuta ni jukwaa la pembeni ambalo hupokea sanamu za muda. Tangu mwaka 2022 hadi 2024 alisimama hapo John Chilembwe wa Nyasaland, mchungaji aliyepinga Waafrika kupelekwa kufa katika vita visivyo vyao na ambaye uasi wake wa mwaka 1915 ulizimwa, Keya wakiwamo miongoni mwa waliouzima. Nilifika akiwa amekwisha ondolewa. Ningependa kumwona, japo ingekuwa kukutana kwa haya.

Barabara ya The Mall ni ndefu na nyoofu. Mwenye watoto aiache, apite ndani ya bustani ya St James's, ambamo ndege aina ya mwari wanaishi tangu balozi wa Urusi alipoleta wa kwanza mwaka 1664. Hulishwa samaki alasiri kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Nilikula mkate wangu hapo, nikapumzisha miguu. Kasri la Buckingham, lenye vyumba 775, nilitazama kwa nje tu. Anayetaka kuona walinzi wa kofia za dubu wakibadilishana zamu aulize ratiba mapema, kwa kuwa haifanyiki kila siku; siku yangu haikuwamo.

Kutoka kasri, barabara iitwayo Constitution Hill inapanda polepole kuelekea kona ya Hyde Park. Mwisho wake zipo nguzo nne za mawe, zenye mitungi ya shaba juu. Hayo ni Malango ya Kumbukumbu, yaliyofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Novemba 2002, miaka 57 baada ya vita kwisha, kwa ajili ya watu milioni 5 kutoka Bara Hindi, Afrika na Karibi waliopigana upande wa Uingereza katika vita vikuu viwili. Maandishi yanawaita watu waliojitolea. Neno hilo lilinikwaza kidogo, maana wazee wetu wengine hawakujitolea, walitolewa na machifu. Nikazizunguka nguzo. India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka zimeandikwa kila moja kwa jina lake. Nepal nayo imeandikwa. Kwetu pameandikwa neno moja: Afrika.

Nilikaa kwenye jiwe nikalitazama neno hilo muda mrefu. Si dogo, na limechongwa vizuri. Lakini ningemwambia nini bibi? Kona ile ile imejaa kumbukumbu: wapiga mizinga wana yao tangu mwaka 1925, na maiti ya shaba iliyofunikwa koti, Australia ina ukuta wake wa mwaka 2003, New Zealand ina yake ya mwaka 2006. Ukiendelea kaskazini kando ya Park Lane utakuta ukumbusho wa farasi, nyumbu, mbwa na njiwa waliotumika vitani, uliozinduliwa mwaka 2004. Sina ugomvi na nyumbu. Babu alikuwa akiwasifu hao tu.

Giza lilikuwa halijaingia. Katika ramani yangu nilikuwa nimeweka alama mahali pengine, mbali na njia ya watalii, nikapanda treni hadi Green Park na kubadilisha hadi Brixton, kituo cha mwisho cha njia hiyo. Ni mtaa wenye watu wengi weusi, soko la ndizi na mihogo, na kelele za kumtoa mtu upweke. Katika uwanja uitwao Windrush zipo nguzo mbili za mawe meusi, fupi kuliko nilivyotazamia, zilizowekwa mwezi wa Juni 2017 kwa ajili ya askari wa Afrika na Karibi. Zimechongwa majina ya vikosi vyao. Mama mmoja alikuwa ameegesha kigari cha mtoto hapo, akakisogeza nipate kusoma. Niliyasoma majina ya vikosi kimoja kimoja kwa sauti ndogo, kidole kikiwa juu ya jiwe, mpaka nilipofika kwa Keya.

Nikampigia bibi simu pale pale. Nilimweleza jiwe lilivyo, rangi yake, na maneno yaliyomo.

“Na jina lake?” akauliza.

“Hapana, bibi. Wameandika jina la kikosi.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.