Baiskeli Mbili Katika Njia ya Zeituni

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 9 aliponiomba baiskeli. Nilimjibu kwamba baiskeli si adabu kwa mtoto wa kike. Akaniuliza, "Na kaka je?" Kakake alikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia. Sikumjibu, nilijifanya nimeitwa na mtu barazani. Leo binti huyo ni mama wa watoto wawili, nami ilinibidi nifike Uhispania ndipo nilipate jibu la swali lake.

Tulikwenda huko mwezi wa Novemba, mimi na mama watoto, kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi na mumewe mjini Córdoba. Nakiri kwamba nilikwenda na leso ya kulia. Sisi tuliosomea madrasa tumelelewa na masimulizi ya Andalusia: kuanguka kwa Qurtuba mwaka 1236, kuanguka kwa Gharnata mwaka 1492, kisha kufukuzwa kwa kizazi cha mwisho cha Waislamu wa nchi ile, watu wapatao laki tatu, kati ya mwaka 1609 na 1614. Nilitazamia kusimama mbele ya nguzo za ule Msikiti Mkuu na kutokwa na machozi. Nilisimama, na machozi hayakuja. Palikuwa na watalii wengi mno wakijipiga picha.

Siku ya tatu mpwa wangu akasema, "Mjomba, historia ya mjini umeiona. Kesho tutakwenda mashambani, na tutakwenda kwa baiskeli." Nilimtazama mke wangu nikidhani atakataa. Hakusema neno.

Msomaji aifahamu kwanza njia yenyewe. Mwaka 1893 ilikamilika reli kutoka Linares hadi Puente Genil, iliyopita katikati ya mashamba ya mizeituni ya Jaén na Córdoba, ikachukua mafuta kuelekea bandari ya Málaga. Watu wakaliita gari-moshi lake treni ya mafuta. Baadaye malori yaliinyang'anya reli ile shehena yake, na mwaka 1985 ikafungwa. Kisha tangu mwaka 1993 Wahispania wakaanza mpango wa kuzigeuza reli zao zilizokufa kuwa njia za waendao kwa miguu na wapandao baiskeli. Wameziita njia za kijani, na sasa zimepita kilomita 3,000 nchi nzima. Hii ya mafuta peke yake ina urefu wa kilomita 128. Magari hayaruhusiwi, pale inapokutana na barabara umewekwa mhimili wa kuyazuia. Mara moja moja utamwona mkulima na trekta lake akivuka kwenda shambani, naye hukuinulia mkono.

Na kwa kuwa gari-moshi haliwezi kupanda mlima mkali, wajenzi wale walichimba vilima na kujaza mabonde hata njia ikawa karibu tambarare. Palipowashinda kujaza wakajenga madaraja marefu ya chuma. Ndiyo maana mtu mzima wa makamo yangu, ambaye mara ya mwisho alipanda baiskeli akiwa na msahafu begani, aweza kupita katikati ya milima asitweте wala asishuke kusukuma.

Tulipita kwanza Cabra, yapata kilomita 70 kutoka Córdoba, ambako stesheni ya kale imefanywa jumba la kumbukumbu ya treni hiyo. Waarabu waliuita mji huo Qabra. Mwenye kupenda kasida atafurahi kujua kwamba wanahistoria wa fasihi wanamtaja mshairi wa mji huu kuwa ndiye aliyeanzisha muwashshaha, ule utungo wa beti na kibwagizo uliokuja kuenea ulimwengu mzima wa Kiarabu. Wapo wasemao ni Muqaddam bin Muafa, na wapo wasemao ni Muhammad bin Mahmud, aliyekuwa kipofu. Wamehitilafiana juu ya mtu. Juu ya mji wamekubaliana, kwani wote wawili ni al-Qabri.

Baiskeli tulizikodi stesheni ya Doña Mencía, mbele kidogo. Nilimchagulia mke wangu ile isiyo na bomba la kati, ili nguo isikwame wakati wa kupanda. Alikuwa amevaa suruali pana na kanzu ya kufika magotini, na mtandio ameufunga nyuma ya shingo. Mpwa wangu ndiye aliyemwonya mapema kwamba baibui na mnyororo havipatani. Nikashika kiti cha baiskeli kwa nyuma, kama wafanyavyo baba kwa watoto, nikamwambia, "Usiogope, nimekushika." Akakanyaga. Nilikimbia naye hatua kumi hivi, kisha baiskeli ikanitoka mkononi, naye akaenda zake. Hakuyumba. Alifika mwisho wa uwanja wa stesheni, akazunguka, akarudi akipiga kengele.

Alijifunza utotoni kule Mambrui, nyuma ya minazi, kwa baiskeli ya kaka yake, hadi siku alipoambiwa kwamba sasa amekua. Miaka 28 ya ndoa, na hilo sikulijua. Sikuwahi kumuuliza.

Tukaondoka, yeye mbele na mpwa wangu, mimi nyuma. Kitu cha kwanza nilichokitambua ni masikio yangu. Mkaazi wa Mombasa amezoea kusikia honi ya matatu, mngurumo wa tuktuk na mlio wa bodaboda hata usingizini. Pale nilisikia changarawe chini ya gurudumu, na sauti za wavunaji ng'ambo ya bonde. Ulikuwa msimu wa zeituni. Wametandaza nyavu chini ya miti, wanatikisa matawi, na matunda yanaanguka kama mvua kubwa juu ya mabati. Mizeituni imepangwa safu kwa safu mpaka macho yanachoka. Mkoa wa Jaén pekee una zaidi ya miti milioni 60.

Mpwa wangu alikuwa akinisomea vibao, na kila kibao kilikuwa na neno la kwetu. Mafuta wayaita aceite, nayo ni az-zayt. Tunda ni aceituna, az-zaytuna. Kinu cha kukamulia ni almazara, al-ma'sara. Tulipofika penye hodhi la maji la shambani akasema hilo ni alberca, nami nikacheka, maana ni al-birka, ile ile birika tunayotawadhia msikitini. Watu walifukuzwa, majina yakabaki yakifanya kazi. Hapo leso niliihitaji kidogo, nasema kweli.

Baada ya muda mfupi ukatokea Zuheros, kijiji cheupe kilichoning'inia mlimani, na ngome yake imekaa juu ya mwamba kana kwamba imeota hapo. Jina lake huelezwa kuwa latokana na sukhayra, jiwe dogo. Chini yake njia inavuka korongo kwa daraja la chuma. Upepo ulikuwa mkali, na niliona upande wa mtandio wa mke wangu unapepea. Alikuwa amelifikia daraja. Hakushika breki. Alivuka, akasimama upande wa pili, akatungojea akiwa amekamata usukani kwa mikono miwili.

Nami hapo hapo nikamkumbuka mtoto mwingine.

Mwaka ule binti yangu aliponiomba baiskeli, mwanafunzi wetu mmoja wa Juzuu Amma, mvulana, aligongwa na lori katika barabara kuu akiwa juu ya baiskeli ya babake. Nilikuwa miongoni mwa walioteremka kaburini. Tangu siku hiyo kila nionapo mtoto juu ya magurudumu mawili kifua hunibana. Basi binti yangu alipoomba, niliogopa lori. Lakini sikumwambia kwamba naogopa lori. Nilimwambia adabu. Niliichukua hofu yangu nikaivika kilemba cha fatwa, na kilemba kile nilimvalisha mtoto wa kike peke yake, kwa kuwa mvulana ningeona haya kumzuia. Ilhali aliyekufa alikuwa mvulana.

Sitara ni sharti, na hilo halina mjadala kwangu. Wanawake wa Kikureshi walipanda ngamia, na Mtume (s.a.w.) aliwataja kwa sifa njema, hakuna aliyedai kwamba kipando kimewavua sitara. Nilikuwa nikiyafundisha haya darasani. Pale Zuheros, kwenye njia isiyo na lori hata moja, nilijaribu kutafuta hoja niliyompa binti yangu na sikuiona.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri, jamu na qasri, chini ya mzeituni kando ya njia. Wapita njia wawili, wazee, mume na mke, walishuka kwenye baiskeli zao wakatembea kwa miguu hadi walipotupita, wasitusumbue. Kisha tukala mkate na zeituni chungu za huko, ambazo mke wangu alisema zinataka pilipili na ndimu.

Njiani kurudi nilikuwa nikihesabu njia za kwetu. Mji wa kale wa Lamu ulijengwa kwa miguu na punda, ingawa pikipiki zimeanza kuusogelea. Ipo reli ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ikipita Maktau na karibu na kilima cha Salaita walikopigana Waingereza na Wajerumani. Treni zimeacha kuipita kwa miaka mingi. Sijui kama yuko kiongozi atakayeiona reli iliyokufa akafikiria watoto juu ya baiskeli. Bajeti zetu za barabara huanza na kuishia na gari, na mtoto hutajwa siku ya maziko. Lakini kabla ya viongozi, wazazi tunaweza kusema kwa sauti kile tunachokiogopa. Tukisema "naogopa lori," angalau tutakuwa tumemtaja mwenye kosa.

Usiku ule nilimpigia simu binti yangu kutoka Córdoba. Nilimwambia habari ya njia na ya daraja, kisha nikamwambia kwamba jibu nililompa akiwa na miaka 9 halikuwa la haki, na kwamba naomba radhi. Alinyamaza kitambo.

"Mama hakuanguka?" akauliza.

"Hakuanguka. Kumbe alikuwa anajua tangu utotoni."

Akacheka. "Najua, Baba. Aliniambia siku ile ile uliponikataza. Aliniambia nisikwambie."