Vumbi la duara ni gharama isiyoingia daftarini

GEITA: Mfanyabiashara wa Nkome anayetaka kuhamishia faida ya sangara kwenye dhahabu huuliza kina cha duara, mgao wa viroba na umbali wa karasha. Suala la vumbi ni nadra kuulizwa, ingawa nalo lina bei yake.

Dhahabu ya ukanda wa Geita hupatikana kwa wingi katika mawe yenye silika. Mawe hayo yakitobolewa au kusagwa yakiwa makavu, hutoa vumbi laini linalofika hadi ndani ya mapafu. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi hilo huleta pia silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka, na kuongeza hatari ya kifua kikuu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini ulikuta kwamba, kwa wastani, silika iliyokuwa hewani chini ya ardhi ilizidi mara 337 kiwango kinachopendekezwa Marekani. Juu ya ardhi ilizidi takriban mara 4.

Kazi nyingine zenye hatari isiyoonekana zina hesabu yake. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliagiza mashirika ya ndege yakadirie mionzi inayowapata marubani angani. Katika maduara mengi, saa za mchimbaji ndani ya vumbi hazihesabiwi.

Fidia nayo ni tatizo. Tangu mwaka 2015 waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini mchimbaji anayelipwa kwa mgao mara nyingi hana mkataba wala mwajiri wa kumchangia. Silikosisi kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati duara limekwisha na wabia wametawanyika. Hasara hubaki kwa familia yake.

Dawa ya kwanza ni maji: kutoboa kwa maji, kulowesha mawe kabla ya kusaga, na kuweka karasha mbali na makazi na mama lishe. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo.

Mwekezaji makini ataziandika pampu, mipira na mapipa ya maji pamoja na baruti na dizeli, na kuzikata kabla ya mgao. Faida inayopatikana kwa kuliacha vumbi nje ya hesabu ni deni analolipa mchimbaji.